Kukiongezea Kazi Kisu cha Kukunja



Msimu wa kuchuma ukikaribia kila mtu hutazama vifaa vyake, na baadhi yenu mmetuuliza kama yafaa kukichonga kisu cha kukunja kiwe na kazi zaidi ya moja: meno ya kukatia vijiti vikavu, pengo la kukatia kamba, tundu la kutia ugwe. Yafaa. Lakini wengi huanza kwa kukitia kisu motoni ili kilainike na tupa ikile upesi, na hapo ndipo kisu hufa.

Ili jambo hili lieleweke, na tuende bara kidogo, Ufipa, nchi ya juu iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ambako mji mkubwa ni Sumbawanga. Wafipa walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma. Tanuri lao kubwa, ilungu, lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, refu kupita mtu, hata karibu mita 3, wala halikuvukutwa. Hewa iliingia yenyewe kwa mirija ya chini. Kilichotoka humo kilikuwa bado hakijafaa kufuliwa. Kilichomwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, kwa mivukuto, ndipo mhunzi akafua jembe, shoka au kisu. Majembe ya Ulaya yalipojaa nchini zama za ukoloni kazi hiyo ilififia, ila mabaki ya malungu yangaliko.

Chuma cha matanuri ya namna hiyo mara nyingi huwa na kaboni kidogo, na chuma cha hivyo hata ukikipasha na kukizamisha majini hakigeuki sana. Kisu cha dukani ni feleji, chenye kaboni zaidi. Kiwandani kilipashwa kikawa chekundu, kikapozwa ghafula kikawa kigumu, kisha kikapashwa tena kwa moto mdogo kisivunjike kama kioo. Ugumu huo ndio unaoshika makali. Ukikitia katika makaa ya jikoni waufuta, na kuurudisha ni kazi ya mhunzi aliyezoea kusoma joto kwa rangi.

Rangi hizo hata ninyi mwaweza kuziona. Feleji iliyosuguliwa ikang'aa, ikifika digrii 230 hivi, huwa na rangi ya majani makavu, kisha zambarau, karibu na 300 huwa buluu. Kisu kikishakuwa buluu makali yake hayatadumu. Jiwe la kunolea la kuzungushwa laweza kukifikisha huko kwa dakika chache bila moto wowote, kwa hiyo kichovyeni majini kila mara, na kikiwa cha moto mkononi simameni. Tupa ya mkono ni salama zaidi, ingawa ni ya polepole. Shikeni kisu kwa jiriwa.

Sasa meno. Twawasihi msiyachonge mgongoni mwa kisu. Kisu cha kukunja cha kawaida hushikwa wazi na springi tu. Mtu akikata kwa mgongo, nguvu yake yakisukuma kisu kijifunge, na vidole vimo njiani. Juu ya mkarafuu, mkono mmoja umeshika tawi, hilo si jambo la mzaha. Kama kisu kina bapa mbili, chongeni meno katika makali ya ile ndogo na kubwa iacheni. Pengo la kamba nalo liwe upande wa makali, na chini yake liwe la mviringo, maana kona kali ndiyo mwanzo wa ufa. Kisigino cha bapa, pale springi inapokaa, kisiguswe kabisa.

Tundu la ugwe litobolewe mwishoni mwa mpini, kwenye mti au pembe, mbali na springi. Ugwe ufungwe kiunoni, si shingoni. Wanaookota chini ni wake zetu na watoto wetu, na kisu kinachoanguka kutoka kileleni hakichagui.

Kazi ikiisha futeni unga wote wa chuma na mtie tone la mafuta ya cherehani katika bawaba, kwani hewa yetu ya chumvi haikawii kuleta kutu palipochongwa upya.