Mgonjwa Asiyeona na Dawa Zake

Nyumbani kwetu tunaishi na nyanya ambaye haoni. Presha ya macho, yaani glakoma, ilimpunguzia nuru kidogo kidogo, na nuru iliyopotea hivyo hairudi. Pia ana ugonjwa wa sukari na presha ya damu. Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa kutwa, dawa za jioni ni kazi yangu.

Tembe zake zote ni nyeupe, ndogo, za mviringo, tena zilitiwa katika vibahasha vinavyofanana, vimeandikwa "1x2" kwa kalamu. Sasa yeye atasoma nini? Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka wa 2004 ilitaka jina la dawa lichapwe kwa breli kwenye pakiti. Nyanya hajui breli, lakini vidole anavyo!

Siku moja nilichelewa kwa ajili ya mechi. Nyanya akajipapasia, akameza tembe za sukari akidhani ni za presha, na chakula hajala. Nilimkuta anatetemeka, jasho jembamba linamtoka, maneno hayashikamani. Dawa ile hushusha sukari mwilini, nayo ikishuka mno mtu huzimia, hata kufa. Kwa bahati alikuwa bado anaweza kumeza, basi mama akampa chai yenye sukari nyingi, kisha tukamkimbiza zahanati. Aliyezimia hatiwi kitu mdomoni.

Nilitaka tangu hapo niwe nikimwekea tembe mkononi tu. Akakataa. "Mimi si mtoto mchanga, mjukuu wangu. Nipe nishike mwenyewe." Basi yeye ndiye aliyechagua alama: kopo la dawa ya sukari lina kipira kimoja cha kufungia noti, la presha vipira viwili. Kila kopo lina mahali pake kabatini, na ole wake atakayelisogeza.

Matone ya macho ndiyo magumu zaidi. Navuta kope ya chini, tone moja, anafumba jicho, halafu anabonyeza pembeni mwa pua kama dakika mbili ili dawa isiteremke kooni. Tone la dawa ya pili hungoja dakika tano. Na ile gundi kali tuliihamishia kwa sanduku la vyuma, maana chupa yake na ya matone ni kama pacha.

Siku hizi Nyanya hunifunga macho kwa leso yake, anipe makopo niyatambue. Juzi nilikosea.