Kufundisha watu wazima kufinyanga: tuanze na mkono, si na ubao



Namna gani tupange mafundisho ya kufinyanga kwa watu ambao hawajagusa ule udongo hata siku moja? Swali hili lina faida. Chungu chenye kifuniko kinatunza mbegu za maharagi, kinapoza maji, na kinauzwa sokoni.

Niwaambie kwanza kosa langu. Mara ya kwanza nilishinda siku nzima nachora kwenye ubao. Kisha tukachoma vyungu haraka, ndani bado vibichi. Vikapasuka karibu vyote. Juma lililofuata nusu ya wamama hawakurudi. Si kwamba walikosa akili, hapana: waliona haya mbele ya majirani. Siku hizi tunapanga hivi.

Wakati. Kiangazi, mwezi wa 6 mpaka wa 8, mvua haipo na kazi ya shamba imepungua. Saa mbili kwa juma, isiwe siku ya soko. Watu 10 kwa mwalimu mmoja.

Mwalimu. Kwetu Kivu, wafinyanzi wengi ni wamama wazee, na wengi wao ni Batwa. Watu wanawadharau, lakini wanapikia vyungu vyao. Mwalimu ni yule mama, si mimi agronomu. Alipwe franga zake kama mwalimu mwingine yeyote, na mapatano yafanywe mbele ya kuanza.

Juma la 1: kujua udongo. Kila mtu aviringishe udongo uwe kama kalamu, kisha auzungushe kwenye kidole. Ukikatika-katika, tafuta mwingine. Mkichimba, wekeni kando udongo mweusi wa juu, mkimaliza muurudishe. Ule ndiyo unalisha mimea.

Juma la 2: kukanda. Toeni mawe, loweka, changanya na mchanga kidogo au vigae vilivyosagwa. Mama aliyezoea kusonga fufu ana nguvu ya mkono tayari, mwambieni hivyo. Kila mtu atengeneze vibakuli vitatu vidogo. Kimoja kikipasuka, anabaki na viwili.

Juma la 3: kupandisha chungu. Viringisha kamba za udongo, zipange moja juu ya ingine, ziunganishe vizuri. Unene uwe sawasawa pande zote. Kabla hakijakauka kabisa, lainisha kwa jiwe.

Juma la 4 na la 5: kukausha kivulini. Hapa watu wanachoka kungoja. Musikubali kuharakisha! Wakati huu fanyeni hesabu ya kuni, malipo ya mwalimu na bei ya soko.

Juma la 6: kuchoma. Moto uanze pole pole. Maji yaliyobaki ndani yanageuka mvuke kwenye digrii 100, na mvuke ndiyo unapasua chungu. Baadaye ongezeni moto: ukipita digrii 600, udongo haurudi tena kuwa matope. Wale wanaochoma matofali wasaidie hapa. Acheni vipoe usiku mzima.

Siku ya mwisho kila mtu arudi nyumbani na kitu alichofinyanga mwenyewe, hata kama kimepinda. Atakipikia, jirani atauliza, na yeye ataeleza.

Kama kwenu udongo wa kufinyanga uko karibu, mwambieni agronomu wenu mbele ya mwezi wa 5, tupange pamoja.