Kabla Hujanunua Plasma ya Bei Rahisi, Piga Hesabu ya Tokeni

Ukipita Luthuli Avenue na elfu kumi na tano mfukoni, utaitwa bosi na watu ambao hawajawahi kukuona. Mmoja atakuvuta, akupandishe ngazi hadi chumba kilichojaa runinga zilizotumika Uingereza, zote zimewashwa. Katikati kuna moja kubwa, inchi 42, nyasi za uwanja zinang'aa kama zimenyeshewa asubuhi hiyo. Pembeni kuna LED ya inchi 32, mpya, bado iko kwa boksi, bei ni ile ile. Wewe ungechukua gani?

Mimi nilichukua ile kubwa. Ilikuwa 2019, ilikuwa plasma, na ile pesa ilikuwa karo ya semista yangu ya nne.

Najua unachofikiria, lakini ngoja kwanza. Nilikuwa na mpango. Koleji ilikuwa imenishinda, na nilikuwa na bedsita ya chini Zimmerman, mlango unaangalia njia. Mchana ingekuwa kibanda cha PlayStation, vijana wa mtaa walipe bob 20 kwa mechi. Usiku ingekuwa sebule yangu, nitazame filamu nikiwa nimelala. Skrini kubwa italeta wateja, nikajiambia, na wateja watarudisha karo kabla mathe hajajua.

Sasa, ukitaka kujua kwa nini mpango ulikwama, lazima ujue hizi runinga zinafanyaje kazi. Sitakuchosha.

Ndani ya plasma kuna vyumba vidogo mno, mamilioni, kila kimoja kimefungiwa gesi za neon na xenon. Stima ikipita, gesi hutoa miale ambayo macho hayaioni. Miale hiyo ikigonga fosfa iliyopakwa ndani, chumba kinawaka chekundu, kijani au buluu. Yaani kila nukta ni taa inayojitegemea. Ikitakiwa kuwa nyeusi, inazima karibu kabisa.

LCD haiko hivyo. Fuwele zake hazitoi mwanga hata kidogo. Zinafanya kazi kama pazia linalofunguka na kufungika mbele ya taa inayowaka nyuma. Na hapa ndipo wauzaji hukuchezea. Atakuambia, "Hii si LCD bosi, hii ni LED." Ni LCD, msee. Kilichobadilika ni taa ya nyuma tu: zamani ilikuwa vijityubu vyembamba, siku hizi ni balbu ndogo za LED. Usilipe zaidi kwa sababu ya jina.

Kusema ukweli, picha ya plasma ilikuwa tamu. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, filamu za giza zilionekana vizuri kuliko kwa LED yoyote ya bei yangu. Mpira ukienda kasi haukuacha mkia. Wateja waliokaa kitandani, sakafuni na mlangoni wote waliona rangi zile zile, jambo ambalo LCD nyingi za bei ya chini haziwezi. Ukizitazama kutoka pembeni picha inafifia kama nguo iliyochuja. Kwa hivyo mtu akikuambia plasma zilikuwa takataka, huyo hakuwahi kukaa mbele ya moja.

Shida ilianzia kwa mita.

Ploti yetu ilikuwa na mita moja kwa vyumba vinne, tunachanga sawa kununua tokeni. Wiki ya pili, mama wa chumba cha pili alinisimamisha kwa kamba ya nguo. "Kijana wangu, hizi tokeni zinaenda wapi? Mimi nina balbu mbili na simu." Nikamwambia pole mathe, nitaangalia. Nilipogeuza runinga kuona lebo ya nyuma, imeandikwa zaidi ya wati 300. Hiyo ni ya juu kabisa, sawa, kwa sababu plasma hula kulingana na picha: ikiwa nyeupe inakula zaidi, ikiwa nyeusi inapumzika. Lakini mpira hauna giza. Ni kijani kinachowaka dakika 90.

Tuhesabu pamoja. Sema wati 250 kwa wastani, saa 10 kwa siku. Hiyo ni uniti 2.5, ama 75 kwa mwezi. LED ya inchi 32 inayokula wati 50 ingetumia uniti 15 tu. Tofauti ni uniti 60. Hata ukiweka uniti moja kwa shilingi 25, hiyo ni 1,500 kila mwezi. Kwangu mimi hizo ni mechi 75 ambazo vijana walicheza ili kulipia stima peke yake. Wewe huna kibanda, unatazama saa tano kwa siku? Bado ni 750 kwa mwezi, 9,000 kwa mwaka. Kwa miaka miwili utakuwa umelipa bei ya runinga mpya bila kuipata.

Baada ya mama kulalamika nilianza kulipa fungu mbili za tokeni. Faida ikawa ya kununua chapo na maharagwe.

Halafu ikaja ile ya pili, ambayo hakuna aliyenionya. Kwa gemu ya mpira, mabao na saa hukaa juu kushoto, hapo hapo, kutwa nzima. Fosfa ya plasma huchakaa kadiri inavyowaka, na sehemu inayowaka picha moja huchakaa tofauti na zingine. Mwezi wa nne nilizima PlayStation nikaweka filamu. Kwenye mawingu, juu kushoto, kuna kisanduku. Kuna saa. Kuna kivuli cha sifuri mbili. Nikafikiri ni uchafu, nikapangusa na tisheti. Nikaenda kwa fundi, akatazama sekunde tatu, akacheka. Alisema kivuli chepesi huweza kupungua ukitazama picha zinazobadilika, lakini changu kilikuwa kimeingia kabisa. Anayetaka plasma ya gemu, ama ya kuacha kwa chaneli ya habari siku nzima, ajue hilo.

Kuna na kelele. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Kioo cha plasma kina gesi yenye shinikizo la chini ndani yake, kwa hivyo hewa ya nje ndiyo hukikandamiza. Ikipungua, kioo hutetemeka kidogo na kuvuma. Ndugu yako wa Mombasa anaweza kutumia runinga kama hiyo miaka yote asisikie chochote. Mimi nilikuwa naisikia kila mtu akinyamaza kwa filamu.

Uzani hata sitaki kuuzungumzia. Karibu kilo 30 za kioo, na ushauri ni ibebwe imesimama, isilazwe. Jaribu kumweleza hivyo mtu wa boda.

Kwa hivyo wewe uliye na keja ya kwanza na pesa ya kuhesabu, chukua LCD, hata kama ni ndogo. Plasma zilishaacha kutengenezwa: Panasonic walitangaza kuacha mwaka wa 2013, Samsung na LG wakafuata 2014. Ile "mpya kabisa" unayoonyeshwa leo imepita miaka 10, na ikikufa, spea ni kutoka kwa maiti nyingine. Nyingi za inchi 42 hata hazifiki HD kamili. Pikseli zake ni 1,024 kwa 768. Waulize, utaona wakiangalia kando.

Ukinunua LCD ya mkono wa pili, usitazame ile video ya samaki na maua waliyoweka, hiyo hufanya kila runinga ionekane vizuri. Beba flashi yako yenye picha moja nyeupe tupu na moja nyeusi tupu. Kwa nyeupe utaona madoa na mistari. Kwa nyeusi utaona pembe zinazovuja mwanga. Tembea kutoka kushoto hadi kulia ukiitazama. Ikiwa inatoa sauti lakini skrini ni giza, mulika kwa tochi ya simu. Ukiona picha hafifu, ni taa za nyuma zimekufa, na hizo fundi hubadilisha. Ila kioo kikipasuka, hiyo imeisha, usidanganywe. Halafu tafuta alama ya DVB-T2. Mitambo ya analogi ilizimwa hapa 2015, na runinga nyingi za zamani za Uingereza zina kipokezi cha DVB-T cha kawaida, ambacho hakishiki mawimbi yetu. Bila alama hiyo, ongeza bei ya king'amuzi kwa hesabu yako.

Kibanda nilifunga mwaka uliofuata. Plasma nilijaribu kuiuza, wa kwanza akatoa elfu mbili, wa pili akauliza kama kile kisanduku ni sehemu ya picha. Mwishowe nikaisafirisha kwa matatu hadi kwetu Nyahururu, ambako tuko juu zaidi na inavuma kama mzinga. Lakini mathe anaipenda. Yeye huwasha saa moja tu, taarifa ya usiku, taa zikiwa zimezimwa, na kwa matumizi hayo sina la kumwambia, kwa sababu picha kweli ni safi na tokeni hazimlemei. Huwa ananiuliza zile namba za juu kushoto ni za nini. Mimi humwambia zilikuja nayo kutoka Uingereza. Na ile ya karo bado sijamwambia, labda binamu yangu amsomee hii.