SOKO LA MALIGHAFI: Resini ya nyumbani, hesabu ya mtaji huanzia kwenye kinga

Biashara ya kumimina resini nyumbani imewavutia watu wengi wenye mtaji mdogo, na sababu zake si ngumu kuziona. Haihitaji mashine wala umeme wa kiwandani. Kwa makopo mawili, mizani na kalibu ya silikoni, mtu anatoa vishikio vya funguo, hereni, visahani vya kuwekea glasi na vibao vya majina. Hata hivyo, malighafi yenyewe ni kemikali ya viwandani, na anayeinunua kwa mazoea ya kununua rangi ya ukutani anaweza kupoteza mtaji wake katika wiki ya kwanza na afya yake kabla mwaka haujaisha. Wiki hii tunaangalia nini kinunuliwe, kwa mpangilio gani, na muuzaji aulizwe nini kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Kwanza mnunuzi afahamu kwamba "resini" si bidhaa moja. Katika soko zinapatikana aina nne, na tofauti zake ni kubwa kuliko bei zinavyoonyesha.

Ya bei nafuu zaidi kwa kawaida ni poliesta, ile inayotumiwa na watengeneza boti, matangi na mafundi wa bodi za magari, ambayo wengi huiita faiba ingawa faiba hasa ni vile vitambaa vya nyuzi za kioo. Poliesta hukaushwa kwa kichocheo cha peroksaidi, kifupi chake MEKP, kinachopimwa kwa matone: asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini, na pungufu ya hapo kwa kipande kinene. Harufu yake kali inatokana na styrene, ambayo mwaka 2018 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, IARC, uliipandisha hadi kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Aidha, mvuke wa styrene unaweza kushika moto kuanzia joto la nyuzi 31 hivi za Sentigredi. Dar es Salaam na Mombasa katika miezi ya Desemba hadi Machi joto la mchana hufika hapo bila msaada wa mtu, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi ulipo moto wa jiko.

Kwa maoni ya safu hii, mtu anayeishi chumba na sebule asiguse poliesta, hata akipewa kwa mali kauli. Ni bidhaa ya banda la wazi, mbali na mkaa, gesi na watoto.

MEKP yenyewe inastahili aya yake. Tone moja likiingia jichoni linaweza kupofusha. Baadhi ya wauzaji huuza pia kiharakishi cha kobalti katika chupa ya pembeni, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo: kobalti na MEKP zikikutana moja kwa moja, bila resini katikati, hulipuka. Nunua resini ambayo kobalti imekwisha kuchanganywa kiwandani, na ukikuta chupa mbili zimewekwa rafu moja dukani, duka hilo halijui linachouza.

Ya pili ni epoksi, na hii ndiyo inayomfaa anayeanza. Haina harufu kali, haishiki moto kwa urahisi na hutoa kitu kigumu kinachong'aa. Inauzwa kwa sehemu mbili, resini na kigumishi, zinazochanganywa kwa uwiano uliowekwa na mtengenezaji. Tofauti na MEKP, kigumishi cha epoksi si kichocheo cha kuongeza au kupunguza upendavyo. Ni nusu ya bidhaa yenyewe. Anayeongeza kidogo ili ikauke haraka hupata kitu kinachonata mwaka mzima.

Ya tatu ni poliyurethani. Hugeuka ngumu kwa dakika chache na mafundi wa sanamu huipenda, lakini ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya kudumu, tena bila harufu ya kumwonya mapema. Umoja wa Ulaya tangu tarehe 24 Agosti 2023 unawataka wanaoitumia kikazi wapate mafunzo kwanza, pale kiwango chake kinapozidi asilimia 0.1. Zaidi ya hayo haipatani na unyevu: hewa ya pwani huifanya itoe mapovu kama sabuni. Iachwe.

Ya nne ni resini inayokaushwa kwa taa ya mwanga wa urujuanimno. Inafaa vitu vyembamba vidogo kama hereni, na bei yake kwa gramu huwa juu. Inasababisha mzio kama epoksi, jambo ambalo matangazo yake hayasemi.

Kilo ya nani?

Tukirudi kwenye epoksi, mfanyabiashara makini aanze na swali la kipimo, kwa sababu hapo ndipo wengi huumia. Muuzaji mmoja anaposema "kilo moja" ana maana ya resini na kigumishi kwa pamoja. Mwingine ana maana ya resini peke yake, kigumishi ni bei nyingine. Wa tatu anauza lita. Bei hizo hazilinganishwi mpaka zote zigeuzwe kuwa bei ya kilo moja iliyochanganywa. Lita moja ya epoksi iliyochanganywa ina uzito wa karibu kilo 1.1.

Tuchukue mfano. Kisahani cha glasi chenye upana wa sentimita 10 na unene wa milimita 8 kina ujazo wa sentimita za ujazo 63 hivi, sawa na gramu 69. Ukitoa sehemu ya kumi inayobaki kwenye kikombe na kwenye kijiti cha kukorogea, kilo moja ya mchanganyiko inatoa visahani 13. Hiyo ndiyo idadi ya kugawanyia gharama, si 20 wanazoahidiwa watu. Kisha ongeza glavu, vikombe, rangi na vipande vitakavyoharibika, na mwanzoni vitaharibika.

Kosa la pili ni kuchanganya ujazo na uzito. Maelekezo yakisema 2 kwa 1 kwa ujazo, hayana maana ya 2 kwa 1 kwenye mizani, kwa kuwa kigumishi kwa kawaida ni chepesi. Kwa resini yenye uzito wa gramu 1.15 kwa mililita na kigumishi cha gramu 0.97, uwiano sahihi kwenye mizani ni gramu 100 kwa 42. Anayeweka 50 amezidisha kigumishi kwa karibu moja ya tano na kipande chake hakitakomaa. Mizani ya dijitali inayosoma gramu moja ni kitendea kazi cha lazima.

Epoksi nayo ina aina mbili, na muuzaji asiyejua atakupa yoyote. Ya kupaka juu ya meza ni nzito, hukauka haraka, na humiminwa kwa tabaka la milimita chache tu. Ya kumimina kwenye kalibu nene ni nyepesi, huenda polepole na hustahimili sentimita kadhaa. Ukiweka ile ya meza kwenye kalibu nene, joto lake lenyewe huongezeka hadi ikapasuka, ikawa njano, hata kufuka moshi. Kikombe kilichojaa na kusahaulika kinaweza kupita nyuzi 100 na kuyeyusha plastiki yake. Kipeleke nje juu ya mchanga, wala usikitupe kwenye pipa la karatasi.

Hali ya hewa pia ni sehemu ya hesabu. Muda wa kufanyia kazi unaoandikwa kwenye kopo, tuseme dakika 40, umepimwa kwa nyuzi 23 au 25. Kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, muda huo hupungua kwa nusu hivi. Wa Dar es Salaam au Tanga wamimine alfajiri. Wa Arusha na Nairobi wana nafasi zaidi. Siku za mvua uso wa epoksi unaweza kupata utando wa mafuta kutokana na unyevu. Huoshwa kwa maji ya uvuguvugu kabla ya tabaka la pili.

Kuhusu kalibu hatutakaa sana. Silikoni inayokomazwa kwa platini hudumu zaidi ya ile ya bati, lakini hugoma kukauka ikigusana na salfa, iliyomo katika baadhi ya udongo wa kuchongea na katika glavu za mpira wa asili. Chombo cha plastiki laini ya polithini hufaa kwa majaribio, maana epoksi haishiki juu yake.

Kinga

Hapa ndipo wengi hubana matumizi, na hapa ndipo penye hasara isiyorudishika. Epoksi haimdhuru mtu kwa kumlewesha kama petroli. Inamzoeza mwili wake kuikataa. Mtu anaweza kufanya kazi mikono mitupu miezi sita bila kuona kitu, kisha wiki moja vidole vikawasha, vikavimba na kutoa malengelenge, na tangu siku hiyo kila akiigusa hali hurudi. Mzio huo kwa kawaida haupoi. Kwa mwekezaji mdogo maana yake ni kwamba bodi ya kampuni, fundi na meneja mauzo, ambao wote ni mtu mmoja, wamestaafu siku hiyo hiyo, na kopo bado limejaa.

Glavu ziwe za nitrili. Zile za mpira wa asili zinazouzwa kwa matumizi ya hospitali hupitisha kemikali hizi mapema. Hata za nitrili nyembamba ni kinga ya matone, si ya kuzamisha mkono. Zikichafuka zibadilishwe, na kwa poliesta zinahitajika nene zaidi kwa vile styrene hupenya haraka. Vaa mikono mirefu. Resini ikigusa ngozi, ifutwe kwa kitambaa kikavu kisha ioshwe kwa sabuni na maji. Thina na asetoni, ambazo mafundi wengi hunawia, huiyeyusha na kuisukuma ndani ya ngozi.

Miwani iwe ya kufunga pande zote. Jicho likipatwa, maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali pamoja na kopo lenye lebo ili daktari ajue anachotibu.

Barakoa ni eneo lenye ulaghai mwingi. Barakoa ya kitambaa, ya upasuaji, hata ile ya N95, haizuii mvuke wa kemikali, huzuia chembe. Kwa mvuke inatakiwa barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa maalumu. Vya Ulaya vya mvuke wa aina hii vina mstari wa kahawia na herufi A. Vya Marekani vina mstari mweusi. Vumbi la kupiga msasa ni jambo jingine, na linahitaji kichujio cha chembe, P3 au P100; au piga msasa kwa maji, njia ya bei nafuu kuliko zote. Ndevu huvunja mzibo wa barakoa. Kichujio kilichofunguliwa huendelea kunyonya hewa hata kikiwa kimetundikwa ukutani, na unyevu wa pwani hukichosha mapema, hivyo kitunzwe ndani ya mfuko uliofungwa. Ukianza kusikia harufu ndani ya barakoa, kimekwisha.

Barakoa haichukui nafasi ya hewa. Feni iwekwe dirishani ikitoa hewa nje, si ikimpulizia mtu usoni. Chumba wanacholala watu kisitumike, kwa kuwa kipande huendelea kutoa mvuke kinapokauka usiku. Watoto na wajawazito wakae mbali.

Mpangilio wa matumizi, kwa hiyo, uwe huu: kinga na mizani kwanza, kalibu moja au mbili, halafu pakiti ndogo kabisa ya epoksi. Pipa la bei ya jumla lisubiri. Resini huzeeka dukani na nyumbani. Poliesta katika joto inaweza kuganda ndani ya miezi michache. Angalia tarehe, si punguzo tu.

Lebo nayo isomwe. Alama H317 ina maana ya mzio wa ngozi, H314 kuunguza ngozi na macho, H334 pumu au mzio wa kupumua, H226 kimiminika na mvuke unaowaka. Maandishi "ASTM D-4236" hayasemi kwamba bidhaa ni salama. Yanasema kwamba madhara yake ya muda mrefu yamepitiwa ili yaandikwe kwenye lebo. Vilevile maneno "haina sumu" mara nyingi yanahusu kipande kilichokwisha kukomaa, wala si kimiminika unachokoroga.

Kwa wanaofikiria kuagiza wenyewe na kuuza, nchini Tanzania kemikali za aina hii ziko chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, na usajili hufanywa na Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Katika usafirishaji, MEKP huhesabiwa katika daraja 5.2 la mizigo ya hatari, poliesta daraja 3, na vigumishi vingi vya epoksi daraja 8. Mzigo ulioandikwa "gundi" au "vifaa vya sanaa" ili upite kimya unaweza kukwama, na wakala anayependekeza hivyo hatalipa gharama za hifadhi bandarini. Mwombe muuzaji karatasi ya usalama ya bidhaa, yenye sehemu 16, kabla ya kutuma malipo. Sehemu ya 8 inataja kinga, ya 14 usafirishaji. Muuzaji asiyeweza kuituma kwa kawaida hajui kilichomo ndani ya kopo, au anajua na hataki ujue.