Baba, huyu ni dume au jike? Namna ya kumjibu mtoto kuhusu ndege wa uani

Masukulu, Rungwe. Nyumba nyingi za huku zimezungukwa na migomba, kahawa na miparachichi, na penye miti hiyo hapakosi ndege. Mtoto anayeamka mapema huwaona kabla hata ya kunywa chai. Akishawaona, atauliza: “Baba, yule ni dume au jike?”

Wazazi wengi hujibu harakaharaka. Mwenye rangi nzuri ni jike, yule wa rangi ya udongo ni dume. Jibu hilo lina mantiki yake, maana kwetu anayetoka na kitenge cha maua na hereni ni mama, baba anatoka na koti lake lilelile. Lakini kwa ndege wengi wa uani mambo ni kinyume. Aliyejipamba ni dume.

Lingekuwa suala la kujua tu, tungeliacha lipite. Ila likizo ndefu ya shule huanza Desemba, wakati mvua za Rungwe zimekwisha kushika na ndege wengi wadogo wana viota. Wakati huohuo ndio manati zinatoka mifukoni. Mtoto asiyejua nani ni nani humlenga ndege wa kijivu aliyekaa karibu, akiamini hana thamani kwa kuwa hana rangi. Mara nyingi huyo ndiye mama mwenye mayai.

Anza na ua la mgomba

Huna haja ya kwenda msituni. Simama na mwanao hatua kumi kutoka kwenye mgomba wenye ua linaloning’inia, asubuhi jua linapoanza kupasha, mkae kimya. Atakuja chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, mwembamba, uliopinda kama sindano ya kushonea magunia. Anafuata maji matamu yaliyo ndani ya ua.

Chozi wako wa aina kadhaa. Kuna ambaye dume lake ni jeusi lenye kidari chekundu kinachowaka kama kaa la moto. Jike wake ni kahawia mwili mzima, na tumbo lina madoadoa. Kuna mwingine mdogo zaidi: dume ana kichwa na mgongo wa buluu na kijani unaometameta juani, kifua cha zambarau na tumbo la manjano. Jike wake ni kijivu juu, manjano hafifu chini, hana hata chembe ya mng’aro.

Watu wengi huwaona majike hawa wakadhani ni ndege wa aina nyingine kabisa. Mwambie mtoto aache rangi kwanza, atazame mdomo. Ukiwa umepinda vilevile na ndege anaingia kwenye ua lilelile, basi ni wa familia moja na yule anayeng’aa.

Yupo pia chozi ambaye dume na jike wote wana mgongo wa kijani unaong’aa. Huyo mtazame kooni. Dume ana kijani hadi kooni, kisha kimkanda chembamba cha zambarau, ndipo manjano inaanza. Jike ni manjano tangu kidevuni.

Sasa mfuateni jike kwa macho muone anakokwenda. Kiota chake ni kifuko kidogo kinachoning’inia kwenye kijitawi, kimeshonwa kwa nyasi, majani makavu na utando wa buibui, kina tundu ubavuni. Kwa mbali unaweza kudhani ni takataka zilizonasa. Jike ndiye anayekijenga, na ndiye anayeatamia peke yake kwa muda wa wiki mbili hivi. Dume huimba, hufukuza chozi wengine wasisogelee maua yake, na mayai yakishaanguliwa husaidia kulisha.

Hapo ndipo lilipo jibu la ile rangi ya udongo. Anayekaa juu ya mayai siku zote hizo, huku mwewe na nyoka wakitafuta chakula, hawezi kuvaa nguo inayoonekana kutoka mbali. Dume anaweza, kwa sababu kazi yake ni kuonekana. Akipigwa dume mayai yakiwa kiotani, jike bado anaweza kuendelea. Akipigwa jike, mayai yanapoa siku hiyohiyo.

Tahadhari moja kabla mtoto hajaanza kujigamba kwa wenzake: madume wachanga huanza maisha wakiwa na rangi ya mama. Ukiona “majike” matano uani na dume mmoja tu, baadhi yao huenda ni vijana ambao bado hawajabadilisha manyoya. Mwenye kidari chekundu huanza kupata vidoa vyekundu kooni kidogokidogo, kama kijana anayeota ndevu.

Fundi na mkaguzi

Mnana hawana siri. Wale wenye kichwa cheusi, wanaochana majani ya migomba na minazi kuwa nyuzi (na kumkera mwenye shamba), madume wao ni manjano na weusi kichwani. Jike ni manjano ya kijani iliyofifia, mgongo una michirizi, kichwa hakina weusi.

Ukishindwa kwa rangi, tazama kazi. Anayesuka kiota ni dume. Anasuka kwa mdomo na miguu, anafunga mafundo, na kiota kikiwa bado kibichi ananing’inia chini yake kichwa chini, akipiga mabawa na kelele ili majike waje kuangalia. Jike anaingia, anavuta nyuzi huku na huku, anatoka. Akiridhika, anaanza kutandika ndani kwa majani laini na atataga humo. Asiporidhika, anaondoka bila kuaga.

Kiota kikikataliwa mpaka kikakauka, dume mwenyewe hukibomoa na kuanza upya palepale. Watoto hulipenda sana jambo hili. Akina mama waliowahi kusimamia ujenzi wa nyumba nao hulipenda, kwa sababu zao wenyewe.

Kuna mnana mwingine asiyependa makundi, hukaa wawiliwawili. Wote dume na jike ni wa manjano, wote wana mstari mweusi unaopita machoni kama miwani. Tofauti ni moja tu: dume ana koo jeusi, jike hana. Kiota chao kina bomba refu linaloning’inia chini kama mguu wa soksi.

Dume anayevua koti

Fumbwe ndiye anayewachanganya hata watu wazima. Wakati wa mvua dume ni mweusi na mweupe, mdomo mwekundu, na mkia mrefu kuliko mwili wake wote. Anaruka kama anayenesa hewani, na akikuta punje zimemwagika uani huwafukuza wengine wote. Pembeni yake utaona ndege wadogo kahawia wenye michirizi, wengi wao wakiwa majike.

Mvua zikiisha na nyasi zikikauka, mkia unadondoka na weusi unatoka. Dume anabaki na michirizi ya kahawia, karibu sawa kabisa na jike. Mtoto atakuambia wale wenye mikia wamehama. Wengine hawajaenda popote, wamebadilisha nguo tu.

Jike wa fumbwe naye ana kisa chake. Hajengi kiota. Hutaga mayai kwenye viota vya vindege vidogo wenye mdomo mwekundu wanaokula mbegu za nyasi, kisha anaondoka na kuwaachia malezi. Tofauti na makinda wa baadhi ya ndege wenye tabia hiyo, kinda wa fumbwe hawasukumi wenzake nje ya kiota. Anakua pamoja na watoto wa mwenye nyumba, wanalishwa mdomo kwa mdomo.

Wanaofanana kama shilingi kwa ya pili

Kwa shore, kunguru, njiwa na tetere, usijisumbue kutafuta tofauti ya rangi. Kwa macho yetu dume na jike ni sawa. Sema hivyo kwa mtoto waziwazi, ni jibu halali.

Njiwa wa kufugwa hujulikana kwa mwenendo. Anayevimbisha shingo, akaguna na kuzunguka mwenzake huku akiinama ni dume. Lakini kwenye mayai hupokezana zamu: dume hukaa saa za mchana, jike huchukua jioni hadi asubuhi. Makinda wakitoka, wote wawili huwalisha uji mzito unaotengenezwa kwenye kifuko cha shingoni mwao. Baba anayenyonyesha, kwa namna fulani.

Na kuna anayevunja kanuni yote ya mavazi. Ni ndege mwembamba mwenye kichwa cheusi na mabawa ya rangi ya kutu, anayekamata wadudu hewani. Dume ana mkia mrefu kama utepe, jike ana mfupi. Kwa kanuni ya chozi dume huyo asingekaribia mayai, lakini naye huatamia, mkia umening’inia nje ya kiota kama kamba iliyosahaulika.

Tena jicho letu lina mipaka. Mwaka 1998 watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba ndege mmoja mdogo wa bustani za huko, wa buluu na manjano, ambaye watu walimwona dume na jike karibu sawa, ana tofauti kubwa kichwani katika miale ya urujuanimno. Ni mwanga ambao binadamu hauoni, ndege wanauona. Wenyewe kwa wenyewe hawajawahi kuchanganyana.

Kuku jike anayewika

Swali la dume na jike haliwezi kuisha bila kufika bandani. Vifaranga wa kienyeji wakifikisha wiki sita hadi nane, jogoo mchanga huanza kuonyesha upanga mkubwa na mwekundu zaidi kichwani. Baadaye manyoya ya shingo na ya kiunoni huchongoka, wakati ya tetea hubaki na ncha ya mviringo.

Wakati mwingine kuku aliyetaga miaka miwili anaacha kutaga, upanga unakua, anaota manyoya ya jogoo na siku moja anawika. Katika nyumba nyingi huyo huitwa uchuro na hachelewi kuingia sufuriani. Sababu ni ya mwili tu. Kuku ana ovari moja inayofanya kazi, ya kushoto. Ikiugua au kuharibika, homoni ya kike inapungua, na homoni hiyo ndiyo iliyokuwa inayazuia manyoya ya jogoo yasiote. Kwa kuku, vazi la kung’aa ndilo linalokuja lenyewe. La kike ndilo linalotengenezwa.

Kwa ndege, anayeamua jinsi ya kifaranga ni mama, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kromosomu za aina mbili tofauti. Kwa binadamu ni baba. Wapo akina mama waliosimangwa, hata kurudishwa kwao, kwa kuzaa wasichana watupu. Waliowasimanga walikuwa wanatumia elimu ya kuku kwa mtu.

Mtoto akileta kinda nyumbani

Itatokea tu, hasa Desemba na Januari. Ataingia na kinda mkononi na swali lilelile. Kinda wa ndege wengi wa uani hajulikani jinsi yake kwa kumtazama, kwa hiyo jibu ni “bado hatuwezi kujua”.

Kama ana manyoya na anaweza kushika tawi, amekwisha kutoka kiotani na anajifunza kuruka. Mwekeni kwenye kichaka kilicho karibu na alipookotwa, mbali na paka. Kama hana manyoya, mrudisheni kiotani ikiwa kinafikika. Wapo wanaoamini kwamba kinda akishikwa na mtu mama yake humkataa kwa sababu ya harufu. Si kweli kwa ndege hawa.

Kisha rudini nyuma, mkae mlangoni mkitazama. Robo saa inaweza kupita. Yule wa kijivu atatua kwanza kwenye tawi la mbali, ageuze kichwa huku na huku, mdomoni ana mdudu.