Kibao Mlangoni mwa Ahmed Zewail

Wengi humkumbuka marehemu Profesa Ahmed Zewail kwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1999, iliyomfanya kuwa Mmisri wa kwanza kuipata katika sayansi. Ukigawa sekunde moja kwa milioni, kisha kila kipande ukakigawa kwa bilioni, utapata femtosekunde. Kwa mianga ya leza ya kadiri hiyo aliweza kutazama atomu zikiachana na kuungana.

Sisi wa ukurasa huu wa familia twapenda kumkumbuka tangu mlangoni. Alilelewa Desouk, mji wa Delta ya Nile, mtoto wa kiume pekee mwenye dada watatu. Baba yake aliwahi kuunganisha baiskeli na pikipiki kabla ya kuajiriwa serikalini. Nyumbani walitundika kibao kwenye mlango wa chumba chake cha kusomea: "Dk. Ahmed". Udaktari wenyewe aliupata Marekani mwaka 1974.

Zewail, naye baba wa watoto wanne, alipoandika maisha yake baada ya tuzo hakusahau kibao kile wala wazazi waliokitundika. Alifariki tarehe 2 Agosti 2016 huko Marekani, akarejeshwa Misri kuzikwa.

Kibao si mali. Ni dhana njema ya mzazi. Tujiulize: wanetu husoma nini katika ndimi zetu, "daktari" au "mjinga"? Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie kuwa wazazi wenye kauli njema. Amin.