Nyumba ya Ndege ni Mlango

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Laiti wangaliiona karakana ya ndege! Huko mlango ndio unaomkosesha mhandisi usingizi.

Chukua Boeing 787-8, aina ambayo Kenya Airways ilianza kuirusha mwaka wa 2014. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili ni mita 60, yaani karibu upana wa ploti nne za futi 50 zilizopangwa bega kwa bega. Mkia wake hufika mita 17 kwenda juu, takriban jumba la orofa tano. Ndege hii huvutwa na trekta taratibu hadi ndani, mafundi waikague. Nguzo moja tu ikisimama katikati, bawa haliingii.

Je, paa litakaa juu ya nini? Nyumba yako ina kuta nne za kulibeba. Karakana ina tatu tu, kwani upande wa nne wote ni mlango. Kwa hivyo wahandisi huunda kenchi za chuma zenye pembetatu nyingi, maana pembetatu haipindiki kwa urahisi. Juu ya mlango, mara nyingi huweka mhimili mmoja mkubwa wa kubeba ncha za kenchi hizo. Isitoshe, kreni za mafundi aghalabu huning'inizwa kwenye paa hilohilo.

Huko San Francisco, Marekani, American Airlines ilijenga karakana ya ajabu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jengo la katikati ndilo nguzo, na paa limejitokeza pande mbili kama mabawa, takriban mita 70 kila upande. Ilikusudiwa kutosha Boeing 747 nne kwa pamoja.

Adui mkubwa ni upepo. Mlango ukiwa wazi, upepo huingia ukakosa pa kutokea, ukaanza kulisukuma paa juu kama mwavuli. Basi paa hubebwa lisianguke, na pia hufungwa lisipae. Mnamo Januari 31, 2024, banda la ndege lililokuwa likijengwa mjini Boise, Marekani, liliporomoka na kuua watu 3. Wachunguzi wa serikali walisema mifupa yake ya chuma haikuwa imefungwa kwa vishikizo vya kutosha.

Utakapompeleka mwanao Embakasi kutazama ndege, mwonyeshe karakana pia. Muulize, "Paa lile limeshikwa na nini?" Akikuonyesha kidole juu ya mlango, huenda unalea mhandisi.